Dobi Povu na Bitiruti za Manjano

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Povu, na aliyempa jina hilo alikuwa anamtania, maana siku hizi ukisikia mtu ametoa povu ujue amefura kwa hasira na maneno yake hayashikiki. Dobi huyu hakuwahi kufura. Ungemletea shati lililolowa wino mfukoni, ukaanza kuilaumu kalamu, ukamlaumu mtoto, ukamlaumu na shetani ambaye hayupo kujitetea, yeye angeligeuza tu shati kwenye mwanga, alinuse, kisha akuambie, "Njoo kesho kutwa." Basi. Kesho kutwa ulilikuta limekunjwa vizuri, jeupe pee, na wewe ndiye uliyebaki unaona haya kwa kelele zako.

Kazi aliifanyia nyumbani, kwenye chumba kirefu kilichoungana na sebule. Upande wa barabara palikuwa na dirisha la kupokelea nguo, upande wa pili mlango uliotokea uani. Mle ndani mlikuwa na masinki mawili ya saruji, mabeseni ya kila ukubwa, pipa la wanga, na meza ya pasi iliyovishwa blanketi lililoungua hapa na pale tangu enzi za pasi ya mkaa. Dirishani alikaa mkewe, kwa sababu mkewe ndiye aliyejaliwa mdomo. Yeye alijua watu, Povu alijua madoa, na kwa mgawanyo huo walikuwa wameendesha maisha yao na kumsomesha binti yao bila kukwaruzana sana.

Na madoa aliyajua kwelikweli. Alitofautisha mafuta ya cherehani na mafuta ya mnyororo wa baiskeli kwa kuyasugua tu kati ya vidole. Aliweza kukuambia chai hii ilimwagika asubuhi au jana yake. Sheria yake ilikuwa moja tu, na aliishika kama watu wengine wanavyoshika dini: doa lisilale. Likiingia leo, litoke leo. Kwa ajili ya sheria hiyo aliwahi kuinuka katikati ya hotuba kwenye harusi ya watu, akapiga magoti mbele ya bibi harusi na kitambaa cha maji baridi mkononi, huku bwana harusi akijiuliza huyu ni nani tena. Watu walicheka miezi. Lakini gauni lilipona, na bibi harusi huyo hadi leo haongelei harusi yake bila kumtaja dobi.

Sasa nyumbani humo aliishi pia mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi kwa kumfuata binti. Bibi alikuwa mkulima wa mboga tangu akiwa msichana. Alilea watoto wake kwa matuta ya kabichi na karoti, na hakuwa mtu wa kubebwa bebwa. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Ilianza kidogo, kwenye kushika sindano, ikaendelea mpaka birika likawa halishikiki na jembe likawa linamchezea mkononi. Ndipo binti yake, mke wa Povu, alipomleta kwake. Povu alimpa chumba kile chenye dirisha la uani, chenye mwanga kuliko vyote, ambacho zamani alikuwa akihifadhia mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Walikuwa na wageni, jirani yao fundi baiskeli na mkewe, na Povu alikuwa ametandika mezani kitambaa chake cheupe, kile cha sifa, kilichotiwa wanga mpaka pembe zikasimama. Kulikuwa na bakuli la bitiruti nyekundu, kwa sababu Bibi alizipenda kuliko nyama. Alichoma kipande kwa uma, akakinyanyua, mkono ukatetemeka, kikaanguka. Tena hakikutua kikakaa. Kilibiringika kwenye ule weupe, kikaacha mstari mwekundu kutoka sahani yake mpaka sahani ya fundi baiskeli.

Kabla hakijasimama, Povu alikuwa ameshasimama. Alimwaga chumvi kwenye doa, akakimbilia maji baridi, akarudi, akaanza kukivuta kitambaa chini ya sahani. "Mama, inua mkono kidogo. Jirani, shika sahani yako. Na wewe shemeji, shika." Watu wakabaki wameshika sahani hewani, na Bibi ameinua mikono yake yote miwili, inatetemeka. Chai ilipoletwa, doa lilikuwa limekwisha habari yake. Fundi baiskeli akapiga makofi, akasema hajaona mtu wa namna hii. Povu alitabasamu. Alifurahi, na sioni sababu ya kumficha.

Jioni hiyo Bibi aliomba chakula chake kipelekwe chumbani. Alisema magoti. Kesho yake pia magoti. Wiki ikapita, na nyingine, na sinia likawa linaenda chumbani na kurudi bila mtu kuuliza tena. Bitiruti nazo alizikataa. Alisema tumbo limezichoka.

Mkewe Povu alivumilia, lakini siku moja akiwa anasuuza sahani ya mama yake aliangua kilio palepale kwenye sinki. "Mama yangu anakula peke yake kama mpangaji," alisema. "Katika nyumba yangu mwenyewe! Nikimwambia aje, ananitajia magoti. Magoti yana uhusiano gani na uma?"

Povu alimpa taulo safi ajifute uso, akarudi kwenye pasi yake. Lakini neno lile la mpangaji halikumtoka. Yeye aliamini amekwisha kuujua ugonjwa: Bibi alikuwa ameogopa lile doa. Angemwambia nini? Mkwe ni mkwe. Huwezi kumkalisha mama aliyekuzalia mke ukaanza kumwongelesha habari za mikono yake. Akafikiri kama dobi, kwa kuwa hakujua kufikiri vinginevyo. Kama mtu hawezi kubadilishwa, na kitambaa hakiwezi kubadilishwa, basi ibadilishwe bitiruti.

Akaenda duka la pembejeo. Muuzaji alimtolea pakiti yenye vumbi, yenye picha ya bitiruti za manjano, rangi ya kiini cha yai. "Hizi hazina mnunuzi," alisema. "Watu wanadhani zimepauka. Ni tamu, na hazina ule ukali wa udongo kama nyekundu. Ila nikuambie ukweli, ni vivu kuota."

"Zinachafua?" Povu akauliza.

"Zinachafua nini?"

"Kitambaa."

Muuzaji akamtazama. "Mzee wangu, nimeuza mbegu miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Akafikiri. "Hapana. Ukizikata hazitoi damu kama zile nyingine. Unaweza kuzitia kwenye viazi, viazi vikabaki vyeupe."

Povu akatoka na pakiti mbili.

Lililomshangaza mkewe halikuwa mbegu, lilikuwa mahali. Povu aliyechimba tuta lake chini ya kamba za kuanikia ndiye Povu yule yule ambaye miaka yote hakuruhusu hata jani la mchicha liote hapo, kwa madai kwamba mvua ikinyesha udongo utarukia mashuka. "Leo umeamka upande gani?" mkewe akamwuliza. Povu akasema hapo ndipo penye jua, na dirisha la Bibi linapaona, akaendelea kuchimba.

Mbegu ya bitiruti, kama hujawahi kuiona, ni kitu cha ajabu kidogo. Ni kama kokoto lenye mikunjo, na ndani ya kokoto hilo moja wamo wawili au watatu wanaosubiri kutoka. Povu alizilaza kwenye maji ya uvuguvugu usiku mzima, kama anavyolaza kola za mashati, ili ganda lilegee. Akazipanda kwa mistari, akaweka vibanio vya nguo kila mwisho wa mstari kuwa alama, akatandaza juu shuka kuukuu alilolilowesha asubuhi na jioni ili udongo usikauke. Mama aliyejifungua hapati uangalizi ule.

Hata hivyo zilikuwa vivu kweli. Zilitokeza chache, na katikati mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Fundi baiskeli alichungulia juu ya uzio, akatikisa kichwa. "Jirani, usiache udongo wazi hivyo, unaita magugu. Shika hizi." Akampa kiganja cha mbegu za bitiruti nyekundu. Povu hakuzitaka, lakini kukataa kitu cha jirani mbele ya jirani ni kazi ngumu kuliko kufua zulia. Akazitia kwenye mapengo. Baada ya muda tuta likajaa: miche yenye vikonyo vyekundu na miche yenye vikonyo vya manjano, imesimama pamoja.

Hakumwambia mtu kwa nini analima. Povu hakuwa na tabia ya kuvalisha nguo kabla haijakauka. Alipanga avune, apike, akate, aweke mezani, na Bibi aone kwa macho yake kwamba kipo chakula kinachoweza kuanguka bila kesi.

Ikafika siku ya kupeleka mashuka nyumba ya wageni. Aliyafunga kwenye mkokoteni asubuhi, akaondoka. Aliporudi, kabla hata hajaegesha mkokoteni, alimwona Bibi amekaa uani kwenye kigoda, pembeni ya tuta. Moyo wake uliruka kwa furaha, kwa sababu Bibi alikuwa hajatoka nje tangu ile Jumapili. Kisha akaliangalia tuta.

Mche wa manjano haukuwepo hata mmoja.

"Baba, bustani yako ilikuwa na ugonjwa," Bibi akasema. Uso ulikuwa unamng'aa. "Nimeuona tangu juzi kutoka pale dirishani. Manjano kuanzia chini mpaka kwenye mishipa ya jani. Nikasema huyu mkwe wangu ni mtu wa sabuni, hajui haya mambo, ataacha wagonjwa wawaambukize wazima. Nimekutolea wote. Hebu waone hawa wekundu walivyo na afya!"

Povu akawaona. Walikuwa na afya, ndiyo. Wamesimama kwa nafasi sawa, wamepaliliwa, wamepandishiwa udongo kwenye shingo kama inavyotakiwa. Kazi ya mtu anayejua. Akaiangalia mikono ya Bibi, imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, inatetemeka juu ya magoti. Gauni lake lilikuwa na tope upana wa sinia, na mwenyewe wala hakuwa na habari nalo.

"Imenichukua asubuhi nzima," Bibi akaendelea. "Mmoja mmoja. Huu mkono ulikuwa unakwenda zake, nami naurudisha. Ulidhani hauwezi tena, eh?"

"Sikudhani hivyo, Mama."

"Ulidhani. Hata mimi nilidhani."

Hapo ndipo mimi ninapomvulia kofia dobi huyu. Mtu mwingine angepiga kelele, au angalau angeguna. Yeye aliinama kuliangalia tuta kwa karibu, akasema, "Ahsante sana, Mama. Umeniokoa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, akaongeza, "Na hao wagonjwa umewatupa wapi?"

"Kule kwenye shimo la taka. Mbali na wazima."

Bibi alipoingia ndani kupumzika, Povu aliteremka shimoni. Miche ilikuwa imelala chali kwenye maganda ya viazi, imenyauka, mizizi yake myembamba imeanza kujikunja kwa jua. Akaikusanya yote ndani ya aproni, akaiingiza chumba cha kufulia, akaiweka kwenye beseni la kufulia hariri, lile ambalo hata mkewe haruhusiwi kuligusa, akaijazia maji baridi. Akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akaanza kuipunguzia majani mmoja mmoja ili mizizi isichoke kuyanywesha.

Mkewe akamkuta hapo. "Unafua nini?"

Ikabidi amweleze yote, tangu duka la pembejeo. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini kwenye rundo la mashuka ya watu, akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakabadilika yakawa ya kweli. "Kwa hiyo ulikuwa unamlimia mama yangu," akasema. "Na mama yangu amekung'olea. Sasa tutamwambiaje?"

"Hatumwambii."

"Povu! Amemaliza shamba zima!"

"Amekaa uani asubuhi nzima," Povu akasema. "Mara ya mwisho ulimwona lini amekaa uani?"

Mkewe akajifuta macho. Akavuta kigoda, akashika mkasi wa pili.

Waliipanda upya kwenye mabeseni mabovu, yale yaliyopasuka ambayo Povu alikuwa hajapata moyo wa kuyatupa. Aliyatoboa matako kwa msumari wa moto, akayajaza udongo na samadi, akayapanga kwenye kichochoro nyuma ya chumba cha kufulia, ambako jua la mchana linafika na Bibi hafiki. Miche mingi ilikufa. Bitiruti haipendi kuhamishwa ovyo, na hii ilikuwa imehamishwa kupitia shimo la taka. Lakini michache ilikataa kufa. Ikasimama, ikatoa jani jipya, la kijani lenye mshipa wa manjano uliokuwa ukiwaka. Wateja waliochungulia waliuliza mnafuga nini huko nyuma, na mkewe akawa anawajibu kwa uso mkavu, "Wagonjwa."

Kwa upande wa uani, Bibi alikuwa amekwisha kuchukua madaraka. Kila asubuhi alitoka na kigoda chake, akapalilia kwa vidole, akawinda konokono, akagombana na ndege. Siku moja alimwita Povu. "Baba, hebu ondoa hayo mashuka yako. Yananinyima jua." Na Povu, ambaye kamba zake zilikuwa hazijasogezwa tangu nyumba ijengwe, aling'oa nguzo zote mbili akazihamishia upande wa pili. Fundi baiskeli aliyekuwa akiangalia juu ya uzio alishika mdomo.

Lakini mchana ukifika, Bibi alinawa mikono, akarudi chumbani, na sinia likamfuata. Hapo hapakuwa pamebadilika kitu. Mkewe Povu alikuwa akilibeba sinia hilo, na Povu akawa anamwangalia mgongo mpaka mlango unapofungwa.

Bitiruti nyekundu zikakomaa. Bibi alizing'oa mwenyewe, kubwa, za mviringo, akampelekea fundi baiskeli mafungu mawili na kumweleza kirefu habari za ugonjwa wa manjano, naye fundi akasikiliza kwa adabu. Jumamosi Povu alikwenda kichochoroni akayapindua mabeseni. Zilizopatikana zilikuwa vituko vitupu: moja ina miguu miwili, nyingine imejipinda kama ndoano, hakuna hata moja ya kuweka kwenye picha ya pakiti. Alizichemsha na maganda yake, akazimenya zikiwa bado na moto, na ndani zilikuwa za manjano tupu, mpaka akamwita mkewe aje aone. Kisha akachukua kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, akasugua bitiruti juu yake kwa nguvu zake zote. Ikabaki alama hafifu. Akaipitisha kwenye maji baridi, ikatoweka. Alirudia mara kadhaa, peke yake, anatabasamu kama mjinga.

Jumapili mkewe alitaka kutandika kitambaa cha maua. Povu akasema cheupe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikwenda kugonga mlango wa mkwe wake.

"Mama, naomba uje mezani."

"Magoti, baba."

Povu alisimama pale, anakunja na kukunjua pembe ya aproni. "Mama, unisamehe," akasema mwisho. "Haya magoti ndiyo yaliyokuwa yanafukuza ndege asubuhi?"

Ndani ya chumba kikasikika kicheko kidogo, kile cha mtu aliyekamatwa. Bibi akatoka.

Mezani walikuwa wanne, Bibi na binti yake na mkwe wake na mjukuu. Kulikuwa na viazi, maharage, na sahani mbili katikati. Ya kwanza ilikuwa ya bitiruti nyekundu za Bibi. Ya pili ilikuwa ya zile za manjano, na Povu akaisogeza karibu yake. Bibi akachoma kipande kwa uma, akakifikisha mdomoni salama. Akatafuna polepole. Mtu aliyeishi na mboga hadanganyiki kwa rangi.

"Hii ni bitiruti."

"Ndiyo, Mama."

"Rangi hii?"

"Ndivyo ilivyoumbwa. Mpaka vikonyo ni vya manjano."

Bibi aliacha kutafuna. Akaiangalia sahani, akageuka kuangalia dirisha la uani, akairudia sahani. "Wagonjwa wangu," akasema taratibu.

"Bibi, hawakuwa wagonjwa!" mjukuu akaropoka, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nimekung'olea kila mmoja," Bibi akamwambia Povu. "Asubuhi nzima. Na wewe ukaniambia ahsante."

"Nilimaanisha, Mama."

Na alikuwa amemaanisha. Bibi alimtazama, macho yamejaa machozi. "Sasa niambie. Wekundu wapo kila mahali. Kwa nini ujitese na hizi?"

Povu akaitazama sahani yake. "Hazichafui," akasema. "Nilitaka ule kwa raha. Hata ikianguka, isiwe kitu."

Bibi akauweka uma chini.

"Kumbe ulidhani nilikimbia doa," akasema. Hakusema kwa ukali. "Baba, mimi ni mkulima. Nimevaa tope tangu sijaota meno. Doa litanitisha nini? Siku ile kile kipande kilipobiringika mpaka kwa fundi baiskeli, mimi nilitaka kucheka. Nilishafungua mdomo. Nikaona umesimama, na wageni wameshika sahani juu, na unaniambia niinue mkono. Nikajisemea, kumbe mimi nikila, watu wanasimama." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Sikukuchukia. Wewe ukiona doa huwezi kukaa, ndivyo ulivyo. Ndiyo maana nikaenda chumbani kwangu, ili na wewe ule umekaa."

Povu alihisi uso wote umemwaka moto. Miezi yote hiyo alikuwa akilima, akiloweka, akichimbua shimo la taka, akihamisha nguzo, na doa lenyewe lilikuwa ni yeye. "Nisamehe, Mama," akasema.

"Yameisha," Bibi akasema. "Tule."

Akanyoosha mkono, akaiacha sahani ya manjano, akachoma kipande kutoka kwenye zile zake, kikubwa, chekundu pyu, kinachovuja. Kikanyanyuka. Mkono ukaanza. Wote walikiona kinavyocheza kwenye ncha ya uma. Kikaanguka. Kikabiringika kwenye kile cheupe, kikapita bakuli la maharage, kikasimama mbele ya Povu kabisa, na mstari mwekundu nyuma yake.

Miguu ya Povu ilikwisha kujiandaa. Mkewe aliona mabega yake yalivyoinuka. Doa lilikuwa linazama kwenye nyuzi mbele ya macho yake, na yeye alijua kila dakika inayopita ilimaanisha nini, kuliko mtu yeyote pale mezani. Alishika ubao wa kiti kwa mkono wa kushoto, akaushika barabara. Bibi alikuwa anamwangalia.

"Mama," Povu akasema, "naomba chumvi."

Mkewe akafumba macho. Bibi akakichukua kichupa cha chumvi, akakinyoosha upande wa pili wa meza, na njia nzima kikawa kinanyunyiza kama mvua ya rasharasha, kwenye kitambaa, kwenye maharage, kwenye mkono wa mjukuu. Povu akakipokea. Akakichoma kile kipande chekundu pale kilipolala, akakiweka kwenye sahani yake, akakitia chumvi, akala.

"Zako zimekuwa tamu, Mama," akasema.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko cha ile Jumapili nyingine, chote, mpaka akaegemea bega la binti yake, na binti yake naye akashindwa kujizuia, na mjukuu akapaliwa na kiazi. Bitiruti ile ilikuwa na chumvi ya kuua mtu. Povu aliimaliza, akaomba nyingine, akala mpaka sahani zote mbili zikawa tupu, na muda wote huo alikuwa amekaa.